Naomba ushauri: UTI ya baba mwenye mpira wa mkojo haiishi

Wakuu, habari zenu. Mzee wangu ana tezi dume, anatumia mpira wa mkojo akisubiri upasuaji. UTI inapoa, inarudi. Alianza na antibiotiki ya sipro, akahamia sindano za seftriaksoni. Safari hii mkojo umeoteshwa maabara: bakteria aitwaye Klebsiella, sugu kwa dawa zote mbili. Zilizobaki ni gentamisini na meropenemu, na kreatinini yake (kipimo cha figo) iko juu kidogo, kwa hiyo gentamisini inanitisha, maana inaweza kuumiza figo.

Daktari anasema bakteria wamejijengea utando ndani ya mpira, kama ule ute wa ndani ya pipa la maji. Dawa haiupenyi vizuri, na waliojificha humo hawakui kwa kasi, hivyo haiwaui kirahisi.

Sasa, si mpira ubadilishwe kwanza, ndipo sampuli ichukuliwe kwenye mpya na dawa ianze? Zahanati ya jirani walikinga mkojo kutoka kwenye mfuko, jambo ambalo mimi siliamini kabisa. Na siku ambazo hana homa wala maumivu, ila kipimo kinaonyesha bakteria, kuna haja ya kumpa dawa kweli?

Wauguzi na watu wa maabara, nisaidieni. Wa mitishamba, leo mniwie radhi.