Damu ya ukoo ipande ndege au isipande?

Mchuma Karafuu
Assalaam aleikum jamaa. Naleta jambo lililotugawa nyumbani. Nataka fikra za watu wasio wa ukoo wangu, maana wa ukoo wote washasema na washanuniana.

Ami yangu mdogo ana retinitisi pigmentosa, maradhi ya macho ya kurithi. Jina hilo tumelijua mwaka jana tu. Kabla yake tukisema "haoni jua likizama". Mchana anapanda mkarafuu kunishinda mimi, na shada la tawi la juu kabisa analiona. Akishuka, pishi iliyo ubavuni mwake haioni mpaka aipige teke. Msimu uliopita alikata kati ya jamvi la karafuu za jirani, mwanzo hadi mwisho, na kwetu Pemba hilo halisameheki kirahisi. Jirani akaona kadharauliwa. Kumbe ami anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: katikati pana picha, pembeni hamna kitu. Seli za retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zinazofanya kazi gizani ndizo hufa mwanzo, kisha giza hutambaa kutoka pembeni kuja kati.

Ndugu yake mmoja naye ameanza, na mtoto wa shangazi. Sasa wamekuja watafiti, wa hapa Zanzibar na wenzao wa Ulaya, wanaomba damu au mate ya ukoo mzima, wagonjwa na wazima. Sampuli zisafirishwe, DNA isomwe, ijulikane ni jeni gani, kipande gani cha urithi, chenye hitilafu. Wazee wanasema damu haitoki kisiwani. Mie nasema itoke, ila kwa sharti: majibu yarudi kwa ami kwanza, kwa lugha anayoielewa, kabla hayajachapishwa popote. Fomu ya ridhaa niliyoisoma haikuwa na sentensi hiyo. Ilikuwa nayo ya kuruhusu "tafiti nyengine za baadaye".

Mnasemaje?

Baharia Mstaafu
Msitoe. Mie si mtu wa kumuona kila Mzungu mwizi, nimekula nao sahani moja miaka mingi. Lakini wajueni Wahavasupai, wenyeji wa Grand Canyon kule Marekani. Kuanzia 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichukua damu yao kwa maneno ya kisukari, na kisukari kweli kilikuwa kinawamaliza. Baadaye wenyewe wakaja kugundua damu ileile imetumika kutafiti maradhi ya akili na asili ya kabila lao, wametokea wapi, kinyume na wanavyoamini. Kesi ikamalizika 2010: dola 700,000, na damu iliyobaki ikarudishwa. Miaka ishirini! Na hao wako ndani ya Marekani, mawakili wamewazunguka. Sisi tutamshitaki nani, na kwa nauli ya nani?

Hiyo "baadaye" ya kwenye fomu ndiyo ninayoiogopa.

Nesi wa Macho
Nafanya kazi kliniki ya macho, wapi sitasema. Mnazungumza kana kwamba maradhi ya macho ya kurithi ni mamoja. Kuna retinoblastoma, saratani ya jicho la mtoto mdogo. Mama mmoja alinionesha kwenye simu picha ya sikukuu: mtoto kavalishwa kanzu, jicho moja jekundu kwa mwanga wa kamera, jengine jeupe pe, kama la paka usiku. Picha ya Iddi iliyopita. Yeye kaja kwetu karibu na Iddi nyengine.

Mzazi mwenye aina ya kurithi, kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili kuipokea jeni ya RB1 yenye hitilafu. Ukijua mapema unamchunguza mtoto tangu kuzaliwa, na unaweza kuokoa roho na jicho pia. Huko kujua kunaleta faida leo, hakungoji dawa ivumbuliwe.

Ya ami yako ni nzito zaidi. Jeni zaidi ya 80 zinaweza kuileta. Na kumbukumbu nyingi za DNA duniani ni za watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo Mwafrika akipimwa, mara nyingi karatasi hurudi imeandikwa "badiliko ambalo maana yake haijulikani". Tukikataa sote, wajukuu zetu watarudishiwa karatasi hiyohiyo.

Baharia Mstaafu
Na jeni ikijulikana, dawa iko wapi?

Nesi wa Macho
Ipo moja, Luxturna, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017. Ni kwa wenye hitilafu ya jeni ya RPE65 tu, waliyoirithi kwa baba na kwa mama, tena seli za retina ziwe bado hai. Hudungwa chini ya retina. Bei ilipotoka: dola 850,000 kwa macho mawili.

Baharia Mstaafu
Gunia ngapi za karafuu hizo?

Nesi wa Macho
Ndiyo maana sikuanza na dawa.

Mama wa Mabinti
Nyinyi mmeshughulika na dola. Mie nina mabinti watatu, wawili hawajaolewa. Huku mtoto wa ami kumuoa mtoto wa ami ni kawaida na ni halali. Watafiti wanachora ule mti wa ukoo, miraba na maduara, wagonjwa wametiwa weusi. Karatasi ile ikionwa na mtu mmoja tu, kesho iko kila baraza. Nani atakuja kuposa nyumba yenye duara jeusi? Na mjue, atakayesemwa ni mwanamke. Mwanamme haulizwi macho ya babu yake.

Mchuma Karafuu
Nakuelewa mama'angu, lakini tusipojua hata hiyo hofu tunaikisia. Maradhi haya kuna koo hurithiwa kwa mzazi mmoja, kuna koo lazima baba na mama wote wabebe jeni yenye hitilafu, na kuna ya upande wa mama yanayowapata zaidi wana wa kiume. Yakiwa ya wazazi wote wawili, mbebaji mwenyewe anaona vizuri maisha yake yote; wakioana wabebaji wawili, kila mimba ni nafasi moja kati ya nne. Ipi ni yetu? Jeni ndiyo itakayosema. Na mficha maradhi, kilio humuumbua.

Mama wa Mabinti
Methali hiyo ni ya mwenye maradhi, mwanangu. Mabinti zangu wanaona mpaka sindano.

Karani
Mnabishana itoke au isitoke kama vile hakuna la kati. Afya si jambo la Muungano. Kibali cha maadili hutoka hapahapa, kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Ulizeni kama kipo. Ulizeni na mkataba wa kusafirisha sampuli: nani anamiliki, zinakaa muda gani, zikibaki zinateketezwa au zinarudi. Kifungu cha "baadaye" mnaweza kudai kiwe na kisanduku chake, mtu akubali au akatae peke yake bila kutolewa kwenye utafiti.

Tena kwa nini isibaki nusu ya DNA hapa? Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, Pemba, inafanya utafiti tangu 2000, kichocho na minyoo wanaijua kuliko Ulaya. Wageni wakitaka ushirikiano, wamchukue kijana wa Chake Chake akasome kuzisoma hizo DNA. Kubeba kisanduku cha barafu mpaka uwanja wa ndege si ushirikiano, huo ni uchukuzi.

Baharia Mstaafu
Hapo umesema. Ila mkiyapata yote hayo kwa maandishi, nioneshwe.

Mchuma Karafuu
Jana baada ya Isha nilimsomea ami mjadala wote. Kanyamaza kitambo. Kisha kaniuliza, "Na duara langu mie limetiwa weusi?" Nikamwambia wanaume ni mraba. Akacheka sana.

Kasema mate atatoa, damu hatoi. Na kisanduku cha "baadaye" atakitia msalaba yeye mwenyewe, mkono wake, tena kabla ya alasiri, ili aone anapotia.

Mama wa Mabinti
Na karatasi ya miraba na maduara itakaa kabati la nani?