Redio za LGBT: maiki wanashika gei na wasagaji tu, bai na transi wako wapi?

pwani_melb

Habarini za jioni wadau. Niko Melbourne, Australia, mchana natafuta riziki kama watu wengine ila jioni moja kwa wiki najitolea kwenye redio moja ya jamii, sitaitaja. Mimi sio mtangazaji, nakaa upande wa mitambo, napandisha na kushusha sauti, napokea simu za wasikilizaji halafu nampenyezea mtangazaji kikaratasi kwamba laini ya pili yuko fulani na anataka kusema hiki. Kipindi ni cha mambo ya LGBT, yaani wasagaji, gei (wanaume wanaopenda wanaume), bai na transi, kina wasikilizaji wake wa siku nyingi na kinapendwa kweli.

Sasa tumeambiwa tulete mapendekezo ya ratiba mpya, nikachukua orodha ya watangazaji wote waliopita hapo nikaipitia jina kwa jina. Gei, gei, msagaji, gei, msagaji. Bai, yaani anayependa wanaume na wanawake pia, hakuna hata mmoja, au kama yupo hajawahi kusema hewani. Transi, yaani waliohesabiwa wanaume walipozaliwa ila ni wanawake, au kinyume chake, wanakuja kama wageni tu, hasa ikikaribia tarehe 20 Novemba ile siku ya kuwakumbuka transi waliouawa, mtu anaketishwa, anaulizwa ulipata shida gani, familia ilisemaje, anajibu, anashukuriwa, unapigwa wimbo, anaenda zake mpaka mwakani. Nikamuuliza msimamizi wetu, akaniambia mbona tunawazungumzia kila wiki. Ni kweli tunawazungumzia. Lakini anayeuliza maswali ni yule yule siku zote.

Naomba kwa wanaojua redio, hii ni kwetu tu au ndio ilivyo kote? Na ukipewa ratiba wewe, utawapa saa yao peke yao au utawaingiza kwenye vipindi vikubwa vilivyopo? Wenye matusi piteni tu, nimeuliza la kazi.

MzeeWaMasafa

Mdogo wangu hapo hapo Melbourne ulipo una jibu lako, nimeishi huko kabla sijahamia Perth. Tafuta 3CR, AM 855, Jumapili mchana, kipindi kinaitwa Out of the Pan. Mtangazaji ni Sally Goldner, mama huyu ni transi na ni bai vile vile, hafichi hata kimoja, na ni mmoja wa waanzilishi wa Transgender Victoria, chama cha kutetea transi. Amekaa hewani miaka mingi mpaka watu wamemzoea kama ratiba ya treni. Sasa angalia vizuri, 3CR sio redio ya LGBT! Ni redio ya jamii tangu 1976, vyama vya wafanyakazi wako pale, wenyeji asilia wako pale, wahamiaji wa lugha kibao wako pale. Redio ya LGBT yenyewe ya mji ni JOY, ilianza matangazo ya majaribio 1993 na leseni ya kudumu ikaja 2001. JOY nao walikuja kuwa na kipindi cha bai, Triple Bi-Pass, sio kwamba hawakufanya kitu, lakini yule wa kukaa na kuzoeleka sauti yake wiki hadi wiki mimi nilimpata nje ya hiyo nyumba.

Na sio Australia tu. Boston Marekani kulikuwa na GenderTalk, ilianza 1995 ikaenda mpaka 2006, Nancy Nangeroni ndiye alikuwa anaendesha, mwanamke transi, baadaye akawa na mwenzake Gordene MacKenzie. Ilirushwa kupitia WMBR, redio ya chuo cha MIT, wanafunzi na watu wa mtaani wanapiga muziki wao wanaoutaka. Bengaluru India nenda Radio Active 90.4, redio ya jamii ya chuo, Priyanka Divaakar amekuwa mtangazaji pale na anatajwa kama transi wa kwanza kutangaza redioni India nzima. Hiyo nayo sio redio ya LGBT.

Kwa nini inakuwa hivi, mimi naona sababu iko kwenye mwanzo wake. Vipindi hivi havikuzaliwa LGBT, vilizaliwa vya gei na wasagaji. Los Angeles kipindi cha IMRU cha redio ya KPFK kilianza 1974 kwenye vuguvugu la gei. This Way Out, ambayo inasambazwa kwa redio za jamii nchi nyingi tangu Aprili 1988, ilianza ikijiita jarida la kimataifa la redio la wasagaji na gei, herufi mbili za mwisho, B ya bai na T ya transi, zilikuja kubandikwa baadaye. Bango limebadilika, waliokaa mezani ni wale wale na marafiki zao. Na wewe uko ndani unajua redio ya jamii maiki haitangazwi kwenye gazeti, inarithishwa kama meza ya samaki sokoni, mwenye kipindi akichoka anamwita rafiki yake aje ajifunze, akishazoea anaachiwa. Hakuna mtu aliyekaa akasema bai wasiingie. Hakukuwa na haja ya kusema.

chuma_cha_pua

Niseme mapema mimi hayo mambo yenyewe siyaungi mkono na imani yangu hainiruhusu, ila swali lako ni la ratiba nitajibu la ratiba. Si ni suala la idadi tu? Kama transi na bai ni wachache basi watangazaji wao watakuwa wachache, hata redio ya dini haiwezi kumpa kila mwenye dhehebu saa yake.

leeds_yetu

@chuma_cha_pua kwa transi unaweza kusema hivyo, ni wachache kweli. Kwa bai hesabu inakugeuka ndugu yangu. Gallup, wale wa kura za maoni, walitoa namba Februari 2025, Marekani watu wazima wanaojitaja LGBT ni asilimia 9.3, na zaidi ya nusu ya hao ni bai. Kundi kubwa kuliko gei na wasagaji wakijumlishwa! Sasa kundi kubwa kuliko yote ndilo halisikiki, hiyo sio idadi tena.

Nirudi kwa mwenye mada. Mimi niko Uingereza na kuna stori nataka uijue, ya Stephanie Hirst. Huyu alikuwa anashika kipindi cha asubuhi Capital Yorkshire, Hirsty's Daily Dose, na unajua asubuhi ndio kiti cha dhahabu cha redio, watu wanakusikiliza wakiwa kwenye gari na watoto nyuma. Nilikuwa namsikiliza nikienda kazini. 2014 akaondoka, ikapita kimya, Oktoba mwaka ule akaenda BBC Radio 5 Live akaeleza kwamba yeye ni transi na ndio sababu aliacha kazi. Mtu yuko juu kabisa kwenye fani, tangu kijana anafanya redio, na bado aliona hawezi kubadilika mbele ya maiki ile ile, ikabidi ashuke kwanza. Baadaye alirudi hewani, na ni redio za watu wote, sio za LGBT.

Ninachotaka kusema ni hiki, redio ni sauti tupu. Kwenye TV transi anaweza kuvaa, kujipamba, mtu akimwona anamuelewa. Redioni hana kitu kingine. Mwanaume transi dawa za homoni zinashusha sauti ikawa nzito, kwake mambo yanaenda. Mwanamke transi ambaye alishabalehe kabla, homoni hazipandishi sauti, lazima aifanyie mazoezi au aamue kubaki nayo ilivyo. Mpiga simu anasikia sauti nzito anasema asante bwana. Kila wiki. Laivu. Mtangazaji akimsahihisha anaonekana mkali, asipomsahihisha wasikilizaji transi wanaumia. Na wakubwa wa stesheni wengi hawakwambii hatumtaki transi, wanakwambia sauti yake haijakaa kiredio. Hapo pwani_melb ndio pa kubana, waulize sauti ya kiredio ni ipi na nani aliipima.

msomi_wa_krakow

Wueh hii mada imenikumbusha kituko cha huku. Mimi nasoma Poland, mji wa Kraków. Oktoba 2024 kuna stesheni ya umma inaitwa OFF Radio Kraków ilirudi hewani ikiwa na watangazaji watatu ambao sio watu, ni akili mnemba. Wale watangazaji binadamu walikuwa wameshaondolewa miezi ya nyuma, uongozi ukadai hawakuondolewa kwa sababu ya mashine, sawa. Sasa katika hao watatu kuna mmoja wamempa jina Alex, wamemtungia umri, wamemtungia historia ya kusomea saikolojia, na wakamtambulisha kama mtu wa masuala ya utambulisho na kwia, yaani mambo haya haya ya LGBT. Yaani mji wenye watu hao wamejaa, wanapita barabarani, wengine wana podikasti zao na wanatafuta kazi, wewe unaenda kumtengeneza wa kompyuta awasemee!

Watu walikasirika, mtangazaji mmoja wa zamani pale Mateusz Demski aliandika barua ya wazi, sahihi zikapita 15,000. Kilichowasha moto zaidi ni yale mahojiano waliyoyarusha na mshairi Wisława Szymborska, yule wa Nobel, ambaye alifariki 2012. Mradi ulipangwa wa miezi mitatu ukafa baada ya kama wiki.

Kelele nyingi zilikuwa za ajira na za marehemu kuhojiwa. Mimi lililonikaa ni la Alex. Uongozi ulijua kabisa kwamba sauti ya aina hiyo inatakiwa hewani, wasingehangaika kuitunga. Walichokwepa ni mwenyewe, kwa sababu mwenyewe angekuwa na maoni, angeomba mshahara, angekataa swali.

nyali_podi

Nasoma kimya kimya tangu asubuhi acha niongee. Mimi ni bai, niko Nairobi, natengeneza podikasti na wenzangu. Huku FM sahau. Mnakumbuka jirani zetu Uganda, 2004 Radio Simba walipigwa faini ya shilingi milioni 1.8 na kuambiwa waombe radhi kwa kuwaweka wanaharakati wa LGBT studio, na 2007 Gaetano Kagwa wa Capital FM akasimamishwa kwa kumhoji mwanaharakati. Kuhoji tu! Na tangu sheria yao ya 2023 ya kupinga ushoga, kile wanachoita kupromoti ni mpaka miaka 20 jela. Ndio maana sisi tuko kwa podikasti, hakuna leseni ya masafa ya kunyang'anywa. Podikasti ya AfroQueer ya shirika la None on Record la Selly Thiam imetengenezwa hapa hapa Nairobi tangu 2018, na wale wanaenda kwa stori ya mtu mmoja mmoja nchi tofauti tofauti, hawasomi herufi.

Lakini swali la bai lina utamu wake, transi anatambulika, bai anapotea. Mimi mwanamke, nikisema hewani "mpenzi wangu James" msikilizaji ananiweka kwa wale wanaopenda wanaume tu, nikisema "mpenzi wangu Achieng" ananiweka kwa wasagaji. Lazima niseme kila episodi na nikisema kila episodi naambiwa mbona unajirudia, si tulishasikia. Mwenzangu wa zamani kwenye kipindi, mtu mzuri nampenda mpaka leo, alikuwa na mzaha wake kwamba mimi nimekaa kwa fensi nangoja nione upande wenye chakula, anacheka, na mimi nacheka maana maiki iko wazi, lakini ukisikiliza rekodi unasikia kabisa kicheko changu kinachelewa. Hiyo sehemu sikuikata wakati wa kuhariri. Wasikilizaji wawili watatu bai waliniandikia kwa sababu ya hicho kicheko tu.

Kwa hiyo dada au kaka pwani_melb (sijui ni nani, samahani) usiniambie bai hawako kwa orodha yenu. Wako. Uliza vizuri, na usiulize mbele ya watu. Uingereza wana podikasti ya Bisexual Brunch, ya Lewis Oakley, Nichi Hodgson na Ashley Byrne, pale wote mezani ni bai na hapo ndio unasikia mtu anabishana na mwenzake badala ya kujieleza. Mimi kwangu saa yao ni muhimu kwa hiyo sababu moja. Ukiwa bai peke yako kipindini wewe ni ubalozi, mkiwa watatu ni watu.

chuma_cha_pua

Hiyo ya Kraków hata mimi imenishinda. Marehemu anahojiwa!

pwani_melb

Ni kaka, usijali dada nyali_podi, na asante sana. Wazee shikamooni na wengine wote nawashukuru, chuma pia umejibu kiungwana.

Nimejaribu kuandika pendekezo. Sitaki kuchagua kati ya saa yao na vipindi vikubwa kwa sababu nimeona kwenye ratiba yetu kilichobaki wazi ni saa tano usiku Jumatatu, na najua kabisa wakisema "saa yao" watawapeleka huko na kujipongeza. Kwa hiyo nimeomba mambo matatu, kwanza kipindi cha jioni kinachosikilizwa zaidi kiwe na mtangazaji wa pili wa kudumu ambaye ni bai au transi, sio mgeni, awe na ufunguo wa studio kama wengine. Pili mafunzo ya maiki yatangazwe hadharani, yasiwe ya kumwita rafiki. Tatu ile ya leeds_yetu, anayesema sauti haifai aandike kwa nini.

Ila mmenikwamisha hapo kwenye simu. Mimi ndiye napokea, na tuna mtambo wa kuchelewesha matangazo sekunde chache ambao tunautumia mtu akitukana. Sasa mpiga simu akimwita mtangazaji transi bwana, bila ubaya, mzee wa watu tu ameshindwa kujua, nafanyaje mimi? Nikate?

leeds_yetu

Usikate, utawaogopesha wazee wako wote na hao ndio wanaopiga simu. Mtu akishakuambia jina lake kabla hujamuunganisha, na wewe mwambie "utaongea na dada fulani, uko tayari?" Sentensi hiyo moja tu. Wengi wanakosea kwa sababu hakuna aliyewaambia wanaongea na nani. Akikosea tena baada ya hapo ni juu ya mtangazaji mwenyewe, muulize kabla ya kipindi anataka umsaidie au anataka umwachie.

MzeeWaMasafa

Na huo ufunguo wa studio usikubali wakuahidi kwa mdomo. Waandike kwenye muhtasari wa kikao.