Tupeane uzoefu: video za HD kwa kamera ndogo ya picha

Mwanzisha mada, Goma (Himbi)
Jambo wapendwa. Mwaka wa tatu huu napiga video za dote (sherehe za mahari) na ubatizo kwa kamera ya picha ya kutia mfukoni, niliyoinunua ikiwa imetumika, dola 60. Inatoa HD ya nukta 1280 kwa 720, picha 30 kwa sekunde. Imenilisha, na imenitia aibu.

Aibu ya kwanza ilitokana na mawe yetu. Hapa Goma ardhi ni nyeusi ya volkeno, na kuta nyingi zimejengwa kwa mawe hayohayo. Kamera hupima mwanga wa picha nzima. Ikiona weusi mwingi hudhani kuna giza, inaongeza mwanga. Bibi arusi alisimama mbele ya ukuta wa namna hiyo, na gauni likatoka jeupe tupu kama karatasi. Shanga alizoshonewa kifuani, hakuna hata moja iliyoonekana. Mama yake alirudisha video mara mbili akizitafuta.

Tangu siku ile, kabla ya kubonyeza natafuta alama ya +/− na kushusha mwanga hadi −1. Uso ukitoka na giza kidogo naupandisha baadaye kwenye kompyuta. Lakini weupe ukishaungua, umeungua.

Leteni yenu.

Wa Kadutu, Bukavu
Asante yaya (mkubwa wangu). Aibu yangu mimi ni ya sauti. Nilimrekodi nyanya akisimulia ujana wake, tumekaa nje, ziwa nyuma yake, nzuri sana kwa macho. Nyumbani nikasikia ngurumo tu. Vile vitundu vya maikrofoni juu ya kamera vilipokea upepo wa Kivu kuliko maneno ya nyanya. Alifariki kabla sijarudia. Midomo yake naiona inacheza, maneno siyapati.

Sasa natia simu kwenye mfuko wa msemaji, irekodi sauti peke yake. Nikishawasha vyote viwili napiga kofi moja mbele ya lenzi: mlio wa kofi na mikono inapokutana ndipo pa kuunganishia. Kwenye vitundu nabandika kipande chembamba cha sponji.

Wa Katuba, Lubumbashi
Pole sana kwa nyanya.
Kwaya yetu iliimba, kamera ikazimika katikati ya wimbo. Kadi ya kuhifadhia video ilikuwa ya polepole. Nikanunua yenye namba 10 ndani ya duara, maana yake inaandika angalau megabaiti 10 kwa sekunde, na nikaipima kwanza, kwa sababu sokoni namba huchapishwa tu juu ya kadi mbovu. Ikaenda vizuri, halafu ikakata tena kwenye dakika ya 29!

Hapo kamera haina ugonjwa. Ulaya, kamera inayorekodi dakika 30 au zaidi ilihesabiwa forodhani kuwa kamera ya video na kutozwa ushuru zaidi, basi watengenezaji wakawa wanazikata kabla ya hapo. Na nyingine hukoma mapema faili ikifika gigabaiti 4. Siku hizi nasimamisha mwenyewe kati ya wimbo na wimbo.

Wa Birere, Goma
Zumu ya kidijitali msiiguse. Inapanua tu picha na kuiharibu. Sogeeni kwa miguu.

Wa Kadutu, Bukavu
Swali: ukumbini chini ya taa za neoni (zile ndefu za mrija) napata mistari ya giza inayopanda na kushuka. Ni kamera?

Mwanzisha mada, Goma (Himbi)
Ni taa. Umeme wetu ni hezi 50, taa hizo humeta mara 100 kwa sekunde, na picha 30 haziendi sawa nazo. Kama menyu yako ina picha 25 kwa sekunde, au PAL (mfumo wa video unaoendana na hezi 50), chagua hiyo. Yangu haina, kwa hiyo nawaomba wenye sherehe tuzime neoni na kukaa karibu na dirisha. Wengi hukubali ukiwaomba mapema, kabla wageni hawajaketi.

Jumamosi nina ubatizo Katindo. Simu nitaitia kwenye mfuko wa baba wa mtoto, na kofi nitalipiga.