Kuvuna na kuhifadhi majani makavu ya ng'ombe (hei): tupeane uzoefu

Kihamba_Hai:
Wakuu, masika yanaishia huku Hai, Kilimanjaro, na majani ya tambarare yameanza kutoa maua. Kwangu hizi ndizo wiki ngumu kuliko zote za mwaka, hata kuliko kiangazi chenyewe.

Nina ng'ombe wawili wa maziwa, nawafugia ndani kihambani, yaani shamba la nyumbani huku mlimani. Kule juu hakuna pa kuchungia, ni migomba, kahawa na mabingobingo (matete ya kulisha ng'ombe) kandokando ya mifereji. Kwa hiyo nusu ekari yangu ya chini nimeipanda nyasi za malisho za Rhodes.

Mwaka juzi niliogopa mvua, nikasubiri anga litakate. Lilipotakata, mbegu zilishapukutika na majani yamekuwa vijiti. Nikayafunga hivyo hivyo, stoo ikajaa. Kufika Septemba ng'ombe wanachambua na kuacha mabua horini, na maziwa yakashuka kutoka lita 9 hadi 4 kwa kila mmoja.

Mwaka jana nikakata mara tu karibu nusu ya shamba lilipotoa maua. Usiku wa pili mvua ikanyesha. Asubuhi umande ulipokauka, mimi, mke wangu na vijana wawili tukageuza shamba zima kwa reki, alasiri tukageuza tena, siku ya nne tukafunga. Yalipauka kwa juu, ila ng'ombe waliyamaliza. Tangu hapo msimamo wangu ni huu: afadhali majani machanga yaliyopigwa mvua moja kuliko yaliyozeeka bila kuloa.

Mashine sina. Natumia kasha la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sm 85, upana sm 55, kimo sm 45. Unalaza kamba mbili za katani, unajaza, unashindilia kwa miguu, unafunga, unalinyanyua kasha. Robota langu, yaani mzigo mmoja uliofungwa, lina kama kilo 18.

Nampa kila ng'ombe kilo 6 kwa siku, pamoja na mabingobingo na pumba. Kiangazi nakihesabu siku 120, hivyo ni kilo 720, yaani marobota 40 kwa ng'ombe mmoja. Mwaka jana nilipata 61 tu, pengo nikaliziba kwa mabua ya mahindi. Nyie mnakaushaje?

Mama_Baridi:
Kaka, huku Njombe ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi. Kuanika chini nimeacha. Baba watoto alinitengenezea vichanja vya miti, pembe tatu, nyasi tunazitundika juu yake hewa ipite chini. Zinachukua wiki nzima, lakini hazigusi udongo na rangi ya kijani inabaki. Kazi ya kutundika ni kubwa, sitaki kumdanganya mtu.

Mzigua wa Milimani:
Naomba niwaeleze yaliyonipata, kwa sababu sipendi yampate mwingine.

Nilifunga jioni, wingu limetanda, majani yakiwa bado na ubichi kwenye vifundo. Kwa juu yalikuwa makavu kabisa, yananukia vizuri. Nikayapanga stoo, yakabanana hadi darini. Siku kama ya kumi nikasikia harufu ya tumbaku. Nikaingiza mkono katikati ya marobota, nikautoa haraka kwa joto. Tulitoa moja moja nje, ya katikati yalikuwa ya kahawia na yanafuka. Stoo imeungana na banda la ndama. Majani mabichi yakishindiliwa huchemka yenyewe, na yakiachwa hushika moto bila kiberiti.

Sasa sifungi bila kupima. Nakatakata majani kidogo, natia kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, nafunika na kutikisa dakika chache. Chumvi ikigandamana, bado. Ikibaki inamwagika, nafunga. Na kile kifundo cha bua nakikuna kwa ukucha: kikitoa maji, naanika siku nyingine.

Uasin Gishu Dairy:
Asanteni ndugu. Huku kwetu mvua ni ndefu, shida yangu ni mashine. Trekta la kufunga marobota ni la kukodi na kila mtu analitaka wiki ileile. Mwaka mmoja nilikata ekari mbili kwa ahadi ya simu, mashine ikaja siku ya tisa. Majani yakawa yanavunjikavunjika, yale matawi laini yote yakabaki shambani. Siku hizi nakata sehemu ninayoweza kuifunga kwa mikono hata mashine isipokuja. Hilo kasha lako nitaliunda wiki hii.

Kihamba_Hai:
@Mzigua wa Milimani pole sana, na ahsante. Leo usiku nahamisha mabua ya mahindi ya mwaka jana yaliyobaki, maana kwangu pia stoo na banda vinagusana. Mchwa mnawazuiaje?

Mama_Baridi:
Usiweke chini kabisa. Panga mabanzi juu ya mawe, acha upenyo wa kupita mtu ukutani, turubai lisilale moja kwa moja juu ya marobota, linatoa jasho. Na ya zamani yaliwe kwanza, ila yenye ukungu usimpe ng'ombe mwenye mimba, mie nayatandika mboleani.

Kihamba_Hai:
Nimekuelewa dada. Kesho alfajiri nashuka tambarare na fyekeo, naanza na robo ekari. Nitaleta majibu ya chupa ya chumvi.