Mchicha umetoa mashuke, mwangani umechanua: bado ni mboga?

BustaniKisauni: Assalam aleikum. Mchicha wangu umetoa mashuke kabla haujafika magotini. Mwangani una maua, dania imebaki vijani vyembamba kama nyuzi, mnavu una vitunda vya kijani. Nipike au ning'oe?

MamaTui: Waalaikum salaam. Pika, ila vitunda vya mnavu vikiwa bado kijani vina sumu, vichambue vyote utupe. Majani yake yakipikwa hayana neno.

Mchicha uliokomaa shida yake ni ugumu. Chuma majani na ncha tu. Vunja kikonyo kwa vidole: kikikatika mara moja ni laini, kikijikunja na kuacha nyuzi kiache. Mashuke mateke yanapikwa pamoja na majani, lakini yakishafunga mbegu nyeusi utakuwa unatafuna mchanga. Chemsha dakika 5, mwaga maji, ndipo utie kwenye kitunguu na nyanya zilizoiva vizuri. Tui zito lije mwisho, moto mdogo, ukoroge bila kufunika, la sivyo litakatika.

Fundi wa Matuta: Mwangani ukichanua uchungu unazidi. Changanya fungu moja la mwangani na mawili ya mchicha, na yale maua uyadonoe kila yanapotokeza, majani yataendelea kuja kwa muda.

Dania ndiyo usiitupe kabisa! Mbegu zake mbichi, zikiwa kijani, zitwange kwenye chatne ya nazi. Ni kali kuliko majani, anza na kijiko kimoja cha chai. Joto letu ndilo linaloikimbiza kwenye maua, kwa hiyo ipande penye kivuli cha mchana, kidogo kidogo kila baada ya wiki 2 au 3. Imwage mbegu pale pale itakapokaa, maana ikihamishwa hukasirika na kuchanua upesi.

Jembe_Likoni: Kuhusu mchicha kuwahi mashuke: kiu, samadi haba, au miche imebanana. Ule wa kukata, anza ukifika kama sentimita 20, bakisha kisiki cha sentimita 8 hadi 10 chenye majani machache, kisha rudia kila wiki 2. Huo wako umeshachelewa. Hata ukiukata, machipukizi yatatoka na mashuke yake. Chuma unachoweza, bakisha mashina mawili ya mbegu, mengine ng'oa, utie samadi upande upya. Na usiyaache mashuke yapukutike kwenye tuta, utapalilia mchicha hadi uchoke.