Chumvi inaharibikaje? Dogo wa kipaimara kaniuliza nikakwama (Mathayo 5:13)

mwl_wa_jumamosi
Wakuu habari za wikiendi. Mi nafundisha darasa la kipaimara kanisani kwetu, sio mchungaji na theolojia sijasomea, nimepewa jukumu kwa sababu Jumamosi siendi kazini basi. Sasa juzi tulikuwa Mathayo 5:13, ninyi ni chumvi ya dunia, lakini chumvi ikiwa imeharibika itatiwa nini hata ikolee, nikawapa maelezo yale yale niliyoyasikia tangu nasoma Sunday school, chumvi inaleta ladha, chumvi inazuia kuoza, na nyie mkawe hivyo shuleni. Dogo mmoja wa form two akanyoosha mkono: mwalimu, chumvi si ni sodiamu kloraidi? Nikasema ndio. Akasema sasa hiyo hata uiweke miaka mia inabaki ile ile, haiharibiki, kwani Yesu hakujua? Darasa zima kicheko. Nikamjibu swali zuri tutaliangalia wiki ijayo, ujanja wa walimu wote mnaujua.

Alafu kuna kingine kinanisumbua mwenyewe. Hivi mtu "kupoteza ladha" kitabia ni nini hasa? Sisi kwetu tukisema fulani kapoteza ladha tunamaanisha haonekani ibadani au kaacha kwaya. Sidhani kama ndicho kinachosemwa pale. Nisaidieni, Jumamosi haiko mbali.

mzee_wa_majaruba
Dogo yuko sahihi na Yesu yuko sahihi, tatizo nyie mnaijua chumvi ya paketi tu. Mi nimefanya kazi mashamba ya chumvi huku Pwani miaka kadhaa. Maji ya bahari ukiyaingiza kwenye mabwawa jua likaanza kuyapiga, kinachotangulia kukaa chini sio chumvi, ni vitu kama jasi, hiyo ya kupigia dari. Inaganda nyeupe vizuri tu, mgeni ukimwonyesha atakwambia hiyo chumvi tayari. Chumvi yenyewe inafuata baadaye maji yakishakuwa mazito, na ukizubaa ukayaacha yakauke kabisa inakuja ile chungu ya magnesiamu, ndo maana yale maji ya mwisho tunayamwaga. Kwahiyo kazi nzima ya shamba la chumvi ni kutenganisha, maji yahame bwawa kwa wakati wake. Usipotenganisha unapata kitu cheupe ambacho nusu yake sio chumvi.

Sasa wale wa enzi za Yesu walikuwa na Bahari ya Chumvi, ile tuliyosoma kwenye jiografia kama Bahari Mfu, maji yake yana chumvi karibu mara 10 ya bahari yetu hii ya Hindi, na sehemu kubwa ya hiyo ni hiyo ya magnesiamu niliyosema chungu. Watu wakiokota kingoni mwa ile bahari wanaokota mchanganyiko, chumvi, jasi, udongo. Iache mahali penye unyevu, ya kweli inayeyuka inachuruzika yenyewe kidogo kidogo, yanabaki mabaki meupe yasiyo na ladha. Kwa macho ni chumvi. Weka ulimini sasa. Mwambie huyo dogo sodiamu kloraidi haikuharibika, ilishaondoka zamani, kilichobaki ni gunia.

Bi_Chausiku
"Kilichobaki ni gunia" 😂😂 mzee hiyo naichukua.
Ila na sisi Waswahili chumvi tumeifanyia mambo, mtu akiongeza uongo kwenye habari si tunasema katia chumvi? Sasa nyie nendeni kwenye shuhuda za Jumapili mkasikilize, nilikufa siku tatu, mara madaktari saba walikimbia, hapo ukolevu wote umeishia kwenye stori, ukirudi nyumbani kwake majirani hawana hamu nae. Mimi mtu wa hivyo ndio naona kapoteza ladha, sio aliyeacha kwaya. Kwaya yenyewe tunajuana.

msomaji_tu
Naongeza kitu kwenye upande wa maandiko. Kwa Kigiriki, kitenzi walichotumia Mathayo na Luka hapo kwenye "imeharibika" maana yake ya kawaida ni kuwa mpumbavu. Ndicho hicho hicho Paulo anakitumia Warumi 1:22 kwa wale waliojiona wana hekima wakapumbazika. Marko ndie katumia neno jingine la moja kwa moja, chumvi kukosa uchumvi. Kwahiyo msikilizaji wa Mathayo alikuwa anasikia vitu viwili kwa mpigo, chumvi iliyopooza na mtu aliyepumbaa, na kwa Kiswahili chetu hiyo imepotea. Kwangu hilo linajibu swali lako la pili. Pia angalia Marko 9:50 inavyoisha, mwe na chumvi ndani yenu mkakae kwa amani ninyi kwa ninyi, na ukirudi nyuma kidogo pale 9:34 walikuwa wametoka kubishana nani mkubwa! Kumbe chumvi pale inapimwa kwa mnavyokaa pamoja. Na Wakolosai 4:6 inapimwa kwa mdomo, maneno yakolee munyu, yaani chumvi.

kayabo_boy
Mi theolojia sina ila chumvi naijua. Nimekaa na kayabo Mwanza kabla sijahamia biashara nyingine, kwa msiojua kayabo ni sangara aliyepasuliwa akatiwa chumvi akakaushwa, nenda Mwaloni Kirumba utaona mizigo imefungwa inasubiri kwenda Kongo.

Sangara mkubwa nyama yake nene, huwezi kumnyunyizia chumvi juu ukasema umemaliza. Unampasua wote, unamchanja mistari kwenye nyama, alafu unasugua chumvi kwa mkono inaingia mpaka kwenye uti wa mgongo, viganja vinachubuka, ukiwa na kidonda siku hiyo utalia. Wanapangwa wanakaa siku kadhaa wanatoa maji, ndo unaanika. Kuna msimu chumvi ilipanda bei, bosi akatuambia bana matumizi, pakeni juu tu. Tukapaka. Samaki wakakauka vizuri, rangi safi, yani mzigo unapendeza. Kumbe ndani, pale jirani na mfupa, wanaoza. Mzigo ulirudishwa ulipofunguliwa funza wanatembea, na harufu sitaki kuikumbuka.

Kwahiyo mimi nikisikia chumvi ya dunia sifikirii ladha kabisa. Nafikiria kusuguliwa kwenye kitu kinachotaka kuoza. Mkristo anaekaa na wakristo wenzake tu ni gunia la chumvi liko stoo, hamna samaki aliyewahi kupona kwa chumvi ya stoo.

msomaji_tu
@kayabo_boy nakubali kwa kiasi, Petro na Andrea walikuwa wavuvi, wasingehitaji kuelezwa chumvi inafanya nini kwa samaki. Ila usiitupe ladha mkuu, "ikolee" ipo pale pale kwenye mstari. Na Agano la Kale chumvi iko kwenye sadaka, Walawi 2:13, hapo ni agano, sio kuoza wala ladha.

kayabo_boy
Sawa mkuu, ila samaki aliyeoza hana ladha vilevile 😅

nesi_wa_zamu
Jamani nimewasoma kimya kimya toka asubuhi. Mwalimu, kuna chumvi inayoharibika hata leo na iko jikoni kwako. Chumvi yenye madini joto (ayodini), ile tunayohimiza mama wajawazito na watoto watumie watu wasipate rovu, ule uvimbe wa shingoni. Ukiiacha wazi, ikapigwa jua na unyevu kama wanavyoanika gengeni, au ukaitia sufuria ikiwa jikoni mwanzo kabisa ichemke saa zima, yale madini yanapungua. Na uchumvi unabaki vilevile! Unaonja, imekolea, unaridhika, kumbe kile cha kumlinda mtoto kimepungua. Ndo maana tunasema weka kwenye chombo chenye mfuniko na utie mwishoni mwa kupika. Sasa mzee wa majaruba anasema inabaki rangi ladha inaondoka, mimi nakwambia hata ladha inaweza kubaki na faida ikaondoka. Kuna watu wa namna hiyo wodini kwetu, salamu tamu, Bwana asifiwe mgonjwa wangu, alafu drip imeisha hata hageuki.

Na mnaoweka nyingi ili ikolee, presha, msisahau 🙏

Bi_Chausiku
Nesi umenigusa, mama mkwe wangu anaweka chumvi kwenye kibakuli dirishani tena wazi. Nani atamwambia sasa, mtu ameshakula chumvi nyingi kunizidi mimi 😂

mwl_wa_jumamosi
Nimerudi wakuu, asanteni sana. Kipindi kimeisha saa hizi. Nilichofanya nimechanganya vijiko vitatu vya chumvi na jasi, fundi jirani alikuwa nayo imebaki kwenye kazi ya dari, nikafunga kwenye kitambaa nikawaambia waonje kidogo kwa ncha ya ulimi. Wakasema chumvi. Tukatoka nje tukaning'iniza kwenye tawi tukaanza kumwagia maji. Nilidhani mara moja inatosha, haikutosha, dogo akaonja akasema bado ipo mwalimu. Mara ya pili bado ipo kwa mbali. Ilibidi tumwage karibu ndoo mbili ndio akasema sasa hamna kitu, na tukifungua kitambaa rundo limekaa jeupe karibu kama lilivyokuwa. Wakanyamaza kidogo, yani wale watoto kunyamaza sio jambo dogo. Ila kuhusu drip ya nesi na funza wa kayabo ndo walikumbuka zaidi, nimewasikia wanasimuliana getini.

Kosa langu ni kwamba lile tawi liko juu ya tuta la mchicha wa mama mchungaji. Maji yote ya chumvi yameshukia pale. Luka 14:35 inasema chumvi iliyoharibika haiifai nchi, yaani udongo, sikuifikia hiyo mpaka mama katoka na kuniuliza mwalimu mnamwagilia nini hapo. Kama kuna mkulima humu aniambie nikiyasukuma na maji mengi leo jioni utapona au nijiandae kununua mbegu.