Bonanza la afya kazini: daftari la mahudhurio ni la nini?

Wakuu, salaam. Naleta hoja hii kwa kuwa ofisini kwetu imetugawa.

Umetoka waraka wa ndani: kila mtumishi ahudhurie bonanza la afya la Jumamosi, asaini daftari, na asiyefika aandike maelezo. Mwenzangu wa meza ya jirani anaunga mkono kabisa. Anakumbusha kwamba Desemba 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, na kwa maoni yake wengi tulianza kwa mbwembwe tukaishia njiani. "Bila kusukumwa hatuendi," anasema.

Namheshimu, na presha na kisukari vimeniondolea watu wa karibu. Lakini kusukumwa nakupinga, kwa sababu ya nilichokiona bonanza lililopita.

Meza ya vipimo iliwekwa kando ya uwanja, hatua mbili tu kutoka foleni ya maji ya kunywa. Muuguzi akampima dada mmoja wa masijala, kisha akamsomea karani wake kwa sauti: "Mia na themanini kwa mia na kumi." Foleni nzima ikageuka. Jumatatu kila aliyefuata faili alimpa pole ya presha, naye anajibu huku ameinamia rejista. Safari hii ameomba ruhusa ya kwenda kijijini. Huyo naye tumwite mvivu?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Waandaaji wangeweka hata pazia tu.

Kuna jambo jingine. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwafanyia wafanyakazi wake programu ya namna hii, na watafiti wakagundua kuwa waliojiunga ni wale ambao tangu mwanzo walikuwa na gharama ndogo za matibabu na walishazoea mazoezi. Utafiti mwingine, uliotoka 2019, ulihusu maduka ya BJ's Wholesale Club, wafanyakazi karibu 33,000. Baada ya miezi 18, kwenye matawi yenye programu watu walisema wanafanya mazoezi zaidi, ila presha, lehemu (mafuta kwenye damu) na utoro kazini havikuonyesha tofauti na matawi mengine. Mwenzangu anasema miezi 18 ni michache, na hapo ana hoja. Lakini angalieni bonanza letu: wanaoongoza mbio ni walewale wa timu ya SHIMIWI, yaani michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali, ambao mazoezi wameshayazoea.

Wanaokosekana ni akina nani? Ni mama anayekaa Chanika, anayetakiwa uwanjani saa 12 asubuhi, daladala mbili, na Jumamosi ndiyo siku yake pekee ya kufua na kukaa na watoto. Ni wadada wa usafi, ambao kwa kuwa wameajiriwa na mzabuni, hata kwenye orodha hawamo.

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwajiri anayeitaka afya yangu kweli atoe sehemu ya muda huo ndani ya saa za kazi. Sisi tunatoka saa 9:30 alasiri. Jumatatu na Jumatano turuhusiwe saa 8:30, anayetaka atembee, anayetaka acheze netiboli, wadada wa usafi wakiwemo. Vipimo vifanyike chumbani, mmoja mmoja, na majibu abaki nayo mwenyewe. Na chai ya vikao ibadilishwe jamani! Jumamosi tunakimbizwa, Jumatatu kikao kinaanza saa 3 hadi saa 8 kwa soda na sambusa.

Mliowahi kupewa muda ndani ya saa za kazi, watu walijitokeza? Na nyie mnaotetea daftari, nijibuni kwanza kuhusu yule dada wa masijala.